Jaji Constance Baker Motley, wenye kumjua mnipe mwanga

mwanafunzi_sheria: Wakuu, huyu mama nasikia ndo mwanamke mweusi wa kwanza kuwa jaji wa shirikisho Marekani, kabla ya hapo alikuwa anafanya nini?

MzeeKitabu: Alikuwa wakili wa haki za weusi pamoja na Thurgood Marshall (wakili mweusi aliyekuja kuwa jaji wa Mahakama ya Juu), kesi 10 alisimama Mahakama ya Juu akashinda 9, na ndo aliyempigania James Meredith, kijana mweusi, mpaka akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi 1962, chuo cha wazungu tu, fujo zikatokea watu wakafa. Rais Johnson akamteua ujaji 1966, seneta Eastland wa huko huko Mississippi akamwekea vigingi lakini wapi, akapita.

Dada_K: Mimi nampendea ile ya 1975, kampuni ya mawakili imeshtakiwa kubagua wanawake, wakataka ajitoe kwenye kesi eti yeye mweusi halafu mwanamke atapendelea. Akagoma! Akawaambia kila jaji ana rangi na jinsia yake, sasa kama hiyo ndo sababu nani atabaki wa kusikiliza kesi? Majaji wa kule wanaitumia hoja hiyo mpaka leo.

MzeeKitabu: Na 1978 ndo aliamua waandishi wa habari wa kike waruhusiwe kuingia vyumba vya wachezaji pale Yankee Stadium, uwanja wa besiboli New York, kama wenzao wanaume.