Nataka kusomea kazi ya mhudumu wa dharura wa ambulensi hapa Marekani: je, Kiingereza changu na umri wangu vitaniruhusu?

Mama Neema, Des Moines

Ndugu zangu, nawasalimu. Nina umri wa miaka 36. Nililelewa katika kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma baada ya wazazi wangu kukimbia vita vya Kivu ya Kusini, na sasa ninaishi Iowa, ambako kwa miaka 5 nimekuwa msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee.

Mwezi uliopita mzee mmoja ninayemhudumia alikutwa sakafuni akiwa hana fahamu. Tulipiga simu 911, namba ya dharura ya hapa, kisha kila mmoja wetu akaanza kukimbilia jambo lake: huyu anatafuta blanketi, yule anaita jina la mzee kwa sauti kubwa. Walipofika watu wawili wa ambulensi, chumba kilitulia. Mmoja alipiga magoti kichwani pa mzee, akasikiliza pumzi, akashika mshipa wa shingo. Mwenzake aliniuliza maswali mafupi: alionekana mzima mara ya mwisho saa ngapi, anatumia dawa gani, alikula lini. Wakampima sukari, ikawa chini mno. Wakamtia dawa mshipani, na kabla ya kufikishwa garini alikuwa ameanza kuniita jina langu.

Tangu siku ile ninataka kuijua kazi hiyo. Naomba kuelezwa masomo yanachukua muda gani, mtihani ukoje, na kama mtu ambaye Kiingereza ni lugha yake ya nne anaweza kuumudu. Nina wasiwasi pia juu ya kubeba watu wazito.

Zamu ya Usiku

Dada, karibu. Mimi ni mzaliwa wa Kisumu na nimefanya kazi hii Texas kwa miaka 9, kwa hiyo nitaanza na jambo ambalo wengi hulichanganya. Yule aliyemtia mzee dawa mshipani yaelekea alikuwa paramediki, yaani mhudumu wa ambulensi wa ngazi ya juu kabisa. Hapa kuna ngazi nne za leseni: mwitikiaji wa kwanza, EMT (fundi wa huduma za dharura), EMT wa ngazi ya juu, na paramediki. Ukisema unataka kuanza, unazungumzia EMT, ambaye kwa kawaida husoma saa 150 hadi 200, yaani takribani muhula mmoja wa chuo cha jamii ukihudhuria jioni, ilhali paramediki husoma zaidi ya saa 1,000 juu ya hizo.

EMT hachomi sindano za mshipani, lakini usidhani kwamba kazi yake ni kuendesha gari tu. Anatoa oksijeni, anampulizia mgonjwa hewa kwa mfuko na barakoa, anatumia mashine ya kushtua moyo, anazuia damu kwa mkanda wa kukaza, anafunga mifupa iliyovunjika, anasaidia kuzalisha, anampa aspirini mwenye maumivu ya kifua, glukosi ya kumeza mwenye sukari iliyoshuka lakini bado ana fahamu na anaweza kumeza, na naloksoni aliyezidisha dawa za kulevya za jamii ya afyuni, kama heroini. Mipaka kamili huwekwa na jimbo pamoja na daktari msimamizi wa huduma yenu.

Kuhusu uzito, niseme wazi kwamba ni kazi ya mwili na migongo mingi imeumia. Siku hizi magari mengi yana machela zinazojiinua kwa betri, na utafundishwa kunyanyua kwa mapaja huku mgongo ukiwa umenyooka. Wewe umewahamisha wazee kutoka kitandani hadi kwenye kiti kwa miaka 5, kwa hiyo hilo unalijua kuliko vijana wengi wa miaka 19 watakaokaa nawe darasani. Umri wako si kizuizi hata kidogo.

Mkufunzi wa Louisville

Nimefundisha kozi hii kwa miaka kadhaa, na katika madarasa yangu wamepita Wakongo, Wasomali na Warundi. Mama Neema, katika simulizi yako umekwisha kueleza kiini cha mafunzo. Uliona watu wawili wasiokimbia, wanaofuata mpangilio. Mpangilio huo ndio tunaoufundisha, na dawa na vifaa vyote hupachikwa juu yake.

Kabla hujamgusa mgonjwa, unaangalia kama mahali penyewe ni salama: je, kuna nyaya za umeme, moshi, mbwa, mtu mwenye silaha? Unavaa glavu. Unajiuliza wagonjwa ni wangapi na kama unahitaji msaada zaidi. Kisha unakwenda kwa kile kitakachomuua mapema zaidi: damu inayobubujika, halafu njia ya hewa, upumuaji, na mzunguko wa damu. Ukikuta njia ya hewa imezibwa, huendi mbele hata kama mguu umepinda vibaya na familia nzima inakuonyesha mguu huo. Wanafunzi wangu wengi huanguka hapo, kwa sababu jeraha linaloonekana huvuta macho, na mtu asiyepumua hukaa kimya.

Katika mtihani wa Sajili ya Kitaifa, shirika linalowapima wahudumu wa dharura nchini, mtihani ambao tunauita NREMT, uchunguzi huo wa awali ndio sehemu kubwa kuliko zote, karibu mbili kwa tano ya maswali. Mtihani hufanywa kwa kompyuta, una maswali kati ya 70 na 120 kwa muda usiozidi saa 2, na kompyuta hubadilisha ugumu wa swali kulingana na majibu yako. Kwa hiyo ukihisi kwamba maswali yanazidi kuwa magumu, usikate tamaa, maana hiyo haimaanishi kwamba unafeli. Pia ujiandae kwa mazoezi ya vitendo, uchunguzi wa rekodi za polisi, chanjo, na zamu kadhaa hospitalini au ndani ya ambulensi.

Kuna historia moja ambayo huwasimulia wanafunzi wanaodhani kwamba kazi hii si ya watu kama wao. Mwaka 1967, mjini Pittsburgh, ilianzishwa huduma ya ambulensi iliyoitwa Freedom House. Wakati huo mgonjwa wa mji ule alichukuliwa na gari la polisi, na mara nyingi hakuna aliyemhudumia njiani. Daktari Peter Safar, mmoja wa waasisi wa mbinu ya kushinikiza kifua na kupuliza hewa, aliwafundisha Wamarekani weusi wa mtaa wa Hill District, wengi wao wakiwa watu ambao waajiri waliwaona hawafai kazi yoyote, na mafunzo yao yalikaribia saa 300. Wakawa miongoni mwa wahudumu bora wa nchi hii. Huduma ile ilifungwa mwaka 1975 mji ulipoanzisha ya kwake, jambo ambalo hadi leo linaniuma, lakini mtaala uliotokana nao ulisaidia kujenga mafunzo ya taifa zima.

Bint Uvira

Dada yangu, mimi nimefaulu mwaka jana, na ninataka kukujibu juu ya lugha. Kiingereza cha darasani kilinisumbua kwa wiki sita za mwanzo, kisha kikajirudia, kwa kuwa maneno ni yale yale kila siku. Kilichonishangaza ni kwamba Kiswahili chetu kilihitaji umakini zaidi.

Nikiwa bado mwanafunzi katika zamu ya ambulensi, tuliitwa kwa mama mmoja mzee wa Kikongo. Alisema ana kiungulia, na mjukuu wake akatafsiri hivyo hivyo, kana kwamba ni asidi ya tumbo tu. Nilimwendea nikapiga magoti, nikamwuliza: "Bibi, kilianza ukifanya nini? Kinabana au kinachoma? Kinakwenda hadi wapi?" Akaonyesha taya na bega la kushoto, na jasho lilikuwa limemlowesha kitenge. Msimamizi wangu aliweka mashine ya kupima umeme wa moyo papo hapo, na hospitali ikataarifiwa kabla hatujaondoka. Bibi yule alikuwa na shambulio la moyo.

Watu wetu husema "mwili hauna nguvu", "nasikia kizunguzungu", "moyo unakimbia", na kila kauli inaweza kubeba mambo matano tofauti. Mtafsiri wa simu hutafsiri neno lililosemwa, ilhali wewe utaweza kuuliza linalofuata.

Mama Neema, Des Moines

Nimesoma majibu yenu mara mbili na ninashukuru sana. Swali la mwisho: je, nikariri mpangilio huo kwa Kiswahili kwanza ndipo nihamie Kiingereza? Na nikishindwa mtihani, je, ndio mwisho?

Mkufunzi wa Louisville

Si mwisho. Unasubiri siku 15 kisha unarudia. Ukishindwa mara tatu, unatakiwa kusoma saa 24 za ziada kabla ya kujaribu tena, na kwa jumla una nafasi sita ndani ya miaka 2 tangu ulipomaliza kozi. Ukifaulu, ombi la leseni ya jimbo ni hatua nyingine, kwa hiyo kabla ya kulipa ada yoyote hakikisha kwamba chuo chako kimo katika orodha ya programu zilizoidhinishwa na idara ya afya ya Iowa. Uliza pia kwenye kampuni za ambulensi na vikosi vya zimamoto vya kujitolea vilivyo karibu nawe, maana baadhi hulipia masomo ya anayekubali kuwafanyia kazi.

Kuhusu kukariri, elewa sababu ya kila hatua kwa Kiswahili, lakini itamke kwa Kiingereza na kwa sauti, kwa sababu mwenzako kazini na msimamizi wa mazoezi watajua ulichokiona kwa kukusikia ukisema. Anza leo jioni. Mlaze mmoja wa watoto wako sakafuni, ingia mlangoni kana kwamba hujawahi kukiona chumba hicho, sema unachokiona, kisha mkaribie kichwani. Mtoto mwingine ashike saa. Fanyeni mara tatu, na kila mara aliyelala abadilishe ugonjwa bila kukuambia.