Tupeane uzoefu: nani amevuka 45 na bado anaisaka maili ya kasi?

Mvi Mbioni
Wakuu salaam, na wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 54. Nusu marathoni na kilomita 10 nimezikimbia miaka mingi, na huko watu wa rika langu tupo wengi wa kuulizana. Sasa nimeingiwa na uchu wa maili moja. Mita 1,609, yaani raundi nne za uwanja na mita tisa za nyongeza, umemaliza. Kwa sasa naikimbia kwa 6:50, nataka kuingia chini ya 6:30.

Shida ni programu. Karibu zote nilizokutana nazo zimeandikiwa vijana: Jumanne kasi, Alhamisi kasi, Jumamosi shindano, Jumapili mbio ndefu. Mwili wangu ukipewa ratiba hiyo, vigimbi vinagoma kabla mwezi haujaisha. Mliovuka 45 na bado mnaitafuta kasi, mnafanya nini, na nini mmekiacha? Vijana mnakaribishwa, ila leo mkae nyuma msikilize wazee.

Raundi ya Tatu
Mkuu, mimi nina 51, na jina langu hapa linasema lote. Raundi ya kwanza ni ya bure, kila mtu anaikimbia vizuri. Ya pili unaidhibiti. Ya nne unaona mwisho umekaribia na mwili unajikusanya wenyewe. Ya tatu ndiyo inayokula muda, maana pumzi imeshakata na mwisho bado hauonekani.

Hiyo 6:30 yako ni kama sekunde 97 kwa raundi. Mwendo huo uujue kwa miguu kabla ya kuuangalia kwenye saa. Kimbia mita 400 mara tano au sita kwa sekunde 97, ukitembea mita 200 katikati. Ukishazoea, punguza mapumziko, mwendo uache palepale. Wengi wakizoea 97 wanakimbilia 92, na kuanzia hapo wanajiandaa kwa mbio ambayo hawajaipanga.

Zoezi lililonisaidia kuliko yote: mita 800 kwa mwendo wa maili, pumzika dakika moja tu, halafu 400 kwa mwendo uleule. Pumzika dakika tano hivi, rudia tena. Ile 400 ndiyo raundi ya tatu yenyewe: miguu imechoka na bado unadaiwa sekunde 97. Kwa zoezi hilo nilitoka 6:20 nikafika 6:04. Kuingia chini ya sita bado kunanipiga chenga.

Bibi Spaiki
Hamjambo wanangu. Nina 61, na anayenishikia saa ni mjukuu wangu, tena hana huruma hata kidogo.

Raundi ya Tatu kasema vizuri, lakini zoezi lile mtu wa umri wangu akilifanya kila wiki atakuwa mgeni wa daktari wa viungo. Mimi niliachana na wiki ya siku saba. Mzunguko wangu ni siku kumi. Ndani yake nina siku moja ya kazi nzito uwanjani, siku moja ya kilima, na zinazobaki ni mbio za pole au kupumzika. Mbio za pole maana yake unaweza kumsimulia mwenzio habari nzima ya harusi bila kuhema.

Kilima ndicho ninachokipenda. Sekunde nane hadi kumi kwa nguvu zote, kisha unashuka kwa kutembea hadi pumzi itulie kabisa, halafu tena. Mara sita zinatosha. Kwa kuwa unapanda, hatua ni fupi na mguu hautui kwa kishindo, hivyo unapata nguvu ya kasi bila kuisumbua sana misuli ya nyuma ya paja.

Na wanawake wenzangu niwaambie: baada ya kukoma hedhi, homoni ya estrojeni hushuka, mifupa hupoteza uzito haraka na misuli nayo huanza kuaga. Kunyanyua vyuma si mapambo. Nanyanyua vizito kweli, vya kurudia mara tano au sita, siyo vile vya kilo moja wanavyotupatia wakidhani tutavunjika. Tangu nianze, nilikuwa nakimbia 8:05, sasa ni 7:18.

Kocha Mstaafu
Shikamoo Bibi. Umenirahisishia kazi.

Niongeze sababu, maana wengi hufuata ratiba bila kujua kwa nini. Umri ukienda, kiwango cha juu cha mapigo ya moyo hushuka. Kanuni moja inayotumika ni 208 toa 0.7 mara umri, kwa hiyo mtu wa miaka 54 anapata kama 170. Ni makadirio tu, wapo wanaopishana nayo kwa mapigo kumi au zaidi. Mapigo hayo yakishuka, na oksijeni ambayo mwili unaweza kuitumia kwa dakika inashuka pia. Hili huwezi kulizuia, unaweza kulichelewesha tu, na anayeendelea na mazoezi makali hupoteza polepole kuliko aliyeacha.

Nyuzi za misuli za kasi ni habari nyingine. Zenyewe husinyaa zaidi kuliko zile za mwendo mrefu, na mtu anayekimbia kilomita za pole pekee haziamshi kabisa. Ndiyo maana mzee wa marathoni mwenye pumzi nzuri anapewa mita 200 na anaonekana amefungwa mawe miguuni. Pumzi anayo, mguu ndio umesahau. Mvi Mbioni, nadhani wewe uko hapo.

Mfano ninaoupenda ni Eamonn Coghlan wa Ireland. Mwaka 1983 aliweka rekodi ya dunia ya maili ya ndani ya ukumbi, 3:49.78. Mwaka 1994, akiwa na miaka 41, alikimbia 3:58.15, na kuwa mtu wa kwanza aliyevuka 40 kuikimbia maili chini ya dakika nne. Miaka 11, sekunde nane na ushee. Sisemi sisi ni Coghlan, lakini anayesema kasi huisha ghafla ukifika 40 aizingatie hesabu hiyo.

Pumzi Fupi
Wakuu, mimi natumia dawa za presha na hiyo kanuni ya mapigo hainifai hata kidogo. Nikikimbia hadi nione nyota, saa inaniambia 128.

Kocha Mstaafu
Ni kweli mkuu, ahsante kwa kulitaja. Baadhi ya dawa za presha, hasa zile za kundi la beta bloka, huzuia mapigo yasipande. Wewe achana na mapigo, tumia pumzi: kama unaweza kutamka sentensi nzima, ni pole, maneno matatu manne, ni kazi, neno moja, ni shindano. Na kabla hujaingia kwenye mazoezi ya kasi ongea na daktari wako. Yeyote anayebanwa kifua au kusikia kizunguzungu katikati ya raundi asimame palepale, asimalizie.

Mzee Taratibu
Nina 66 na naomba kupingana kidogo. Hizo 400 mimi nimeziacha kabisa. Nakimbia mita 200, natembea mita 200, mara nane, mwendo wa haraka kidogo kuliko wa maili. Sichoki hadi kufa, na siku mbili baadaye niko sawa. Muda wangu unashuka vilevile. Raundi ya tatu naiachia siku ya shindano.

Raundi ya Tatu
Mzee wangu, kwa heshima zote, siku ya shindano raundi ya tatu haitakuonea huruma kwa sababu hukuizoea.

Mzee Taratibu
Haijanionea huruma tangu nina miaka 30, kijana wangu. Tumezoeana.

Mvi Mbioni
Nimecheka, ila nimeelewa pande zote mbili. Nadhani nitaanza na 200 za Mzee Taratibu, mguu ukikumbuka kasi ndipo nihamie kwenye 400. Maswali mawili. Kano ya nyuma ya kisigino inauma asubuhi hatua za kwanza, halafu inaachia. Na viatu: spaiki, vile vya misumari chini, au raba za kawaida?

Bibi Spaiki
Kano ikiuma asubuhi na kuachia ukitembea, inalalamika juu ya mzigo, kwa hiyo punguza kasi na vilima kwanza. Kisha simama ukingoni mwa ngazi kwa ncha za miguu, jinyanyue kwa miguu yote miwili, shuka polepole kwa mguu unaouma hadi kisigino kipite chini ya ngazi. Mara 15, seti tatu, goti limenyooka. Halafu tena goti limekunjwa kidogo. Inachukua wiki nyingi, usikate tamaa wiki ya pili. Kano ikivimba au maumivu yakizidi unapokimbia, nenda ukaonwe.

Spaiki kwa sasa hapana, ingawa jina langu linanisuta. Kisigino chake kiko chini, kano inavutwa zaidi. Kano ikishatulia, zivae kwenye 200 chache za mwisho wa zoezi, siyo zoezi zima.

Na kupasha ni dakika 20 kwa umri wetu, siyo tano. Mbio za pole, kuzungusha nyonga, kisha mita 80 za kuongeza kasi taratibu, mara nne. Ukiona ya nne ni nyepesi kuliko ya kwanza, umepasha. Ukiona ya nne ni nzito, geuza safari, rudi nyumbani, zoezi lihamishie kesho.

Pumzi Fupi
Bibi, tuwekee basi huo mzunguko wa siku kumi wote.

Bibi Spaiki
Siku ya kwanza uwanjani. Ya pili kutembea tu. Ya tatu pole na vyuma. Ya nne pole. Ya tano kilima. Ya sita kupumzika. Ya saba pole na vyuma. Ya nane mbio ndefu kidogo, dakika 50 hadi saa nzima. Ya tisa kupumzika. Ya kumi pole, na mwishoni zile mita 80 mara nne. Kujipima maili nzima ni kila baada ya mizunguko mitatu, na upepo ukiwa mkali unaahirisha.