Ukumbi wa muziki chuoni Mombasa: tujenge, na ufunguo ashike nani?

Mleta mada:

Jumamosi nilikwenda kusikiliza wanafunzi katika ukumbi wa chuo kimoja hapa mjini. Sitakitaja. Sakafu vigae, kuta zimepakwa rangi ya mafuta zinang'aa, viti vya plastiki, feni juu. Kijana mmoja akakaa na udi peke yake. Mnaujua udi, kila mguso wa uzi una mwanzo wake na mwisho wake. Pale haukuwa na mwisho. Sauti ya kwanza ilikuwa bado inazunguka na feni wakati yeye keshafika ya tano. Ikaja kwaya, tukawa hatushiki hata neno. Mama aliyekaa mbele yangu akamuuliza mwenziwe, "Hiki ni Kilatini?" Kilikuwa Kiswahili.

Basi nauliza: chuo kikuu katika mji kama huu kijenge ukumbi hasa wa muziki na maigizo, au hiyo ni anasa?

Mimi nasema kijenge. Msiniambie kumbi tunazo. Najua iko Little Theatre Club, uko Tononoka, na bustanini Mama Ngina tangu 2019 kuna jukwaa la wazi linaloitazama bahari, ambapo upepo wa kusi huondoka na nusu ya maneno. Lakini ukumbi wa kukodi unalipia usiku mmoja tu. Nani atakupa wiki tatu za mazoezi jukwaani, taa zikiwa zinapangwa na kupanguliwa, na hakuna hata shilingi inayoingia mlangoni? Mwenye ukumbi wa biashara hawezi, ana mikopo. Chuo kinaweza, kwa sababu yale mazoezi ndiyo darasa lenyewe. Fundi wa taa, fundi wa sauti, meneja wa jukwaa, hawa wanasomea wapi pwani hii? Watoto wetu wanapanda jukwaa la Tamasha la Muziki la Kenya, ambalo lipo tangu 1927, na siku wanapomaliza kidato cha nne jukwaa limekwisha.

Mpiga fidla, Mji wa Kale:

Mwanangu, salamu. Umesema vizuri, ila ukumbi unaoutaka wewe naujua: viti vimepigiliwa chini, safu juu ya safu, watu wanyamaze kama wako kwenye mtihani.

Mimi nimepiga arusini miaka mingi. Taarabu ya Mombasa, na tashkota yake, kile kinanda cha nyuzi chenye vibonyezo, na ngoma ya dumbaki, haikukulia kitini. Mwanamke ubeti ukimgusa, hukaa? Huinuka. Noti mkononi, anakwenda taratibu, anacheza hatua mbili tatu, anamtuza mwimbaji, kisha anageuka amtazame yule anayemkusudia. Ukumbi mzima umefahamu, na wimbo umepata maana ambayo mtunzi hakuiandika. Sasa mtie mwanamke huyo safu ya kumi na nne, katikati, magoti ya watu tisa kulia na tisa kushoto. Atapita wapi? Hatopita. Atapiga makofi. Na vugo je? Wanawake wanaogonga pembe zao huku wakienda, nao utawaweka wapi?

Mkaazi wa Likoni:

Na tamasha likiisha saa nne za usiku huko kisiwani, mimi niwahi feri, kisha nitafute matatu ng'ambo. Maabara zenyewe vifaa haba. Ukumbi wa nani huo?

Mwanafunzi, Tudor:

Mimi ni mwanafunzi na napinga. Mwaka 1962 wanafunzi wa Makerere waliigiza tamthilia ya kwanza kubwa ya Ngũgĩ wa Thiong'o. Waliigiza chuoni? La, jumba la taifa la Kampala. Miaka michache baadaye wenzao wakaanzisha kundi la maigizo la kusafiri, wakawa wanaifuata hadhira vijijini. Kile chuo cha muziki cha Zanzibar kilichoanza 2002 kilifundisha udi, ganuni na fidla ndani ya jengo la zamani la forodha. Hakikungoja ukumbi. Nipeni basi moja la kusafiria na spika mbili, nitamfikia huyo wa Likoni kabla nyinyi hamjamaliza kuchora ramani.

Mleta mada:

Mdogo wangu, mfano wako wa Kampala unanisaidia mimi. Jumba lilikuwapo, ndiyo maana wakaingia. Hapa utaingia wapi? Hilo basi lako nalikubali, na wala halipingani na ukumbi. Hata mchezo unaosafiri lazima upikwe mahali.

Likoni sina jibu zuri. Maonyesho ya alasiri, labda, saa kumi mpaka saa kumi na mbili kasorobo, magharibi ikute watu wameshatoka. Najua halitoshi.

Mzee, wewe umenikamata. Nilipoandika nilikuwa nimeona viti vya ngazi kichwani, kama vya kwenye picha. Naviondoa. Sakafu iwe bapa, viti vya kubebeka, na njia pana katikati ya kutuzia. Hata kwa upande wa sauti hilo linafaa. Okestra isiyo na vipaza sauti inataka mwangwi wa karibu sekunde mbili. Hotuba na maigizo yanataka kama moja. Taarabu yenye spika inataka mfupi pia, la sivyo dumbaki inameza maneno. Ukumbi mmoja unaweza kuhudumia zote ukiwa na mapazia mazito ya kuteremsha na kupandisha ukutani, na kitambaa ni nafuu kuliko zege.

Niwape kisa. Mwaka 1895 chuo kikuu cha Harvard, Marekani, kilikuwa na ukumbi mpya wa mihadhara ambao mwalimu hasikiki, neno moja linadumu hewani zaidi ya sekunde tano. Wakamtwika mwalimu kijana wa fizikia, Wallace Sabine. Akawa usiku anabeba matakia ya viti kutoka ukumbi mwingine wa chuo, anayapanga, anapiga filimbi ya kinanda, anapima sauti inadumu muda gani mpaka ipotee, na kabla ya asubuhi anayarudisha. Elimu ya sauti za kumbi ikaanzia kwenye yale matakia. Ukumbi wa chuo una faida hiyo: ukiharibika, unakuwa somo.

Ninachokiogopa mimi ni kalenda. Tutajenga, mwaka wa kwanza tutapiga muziki. Mwaka wa pili mahafali, semina, mkutano wa kampuni, arusi za wenye uwezo, na wanafunzi wa udi wanarudi chini ya mwembe. Kwa hiyo kabla ya mchoro, iandikwe kabisa siku ngapi za wiki ni za mazoezi, zisizouzwa kwa bei yoyote. Na ufunguo ukae kwa idara ya sanaa, usikae kwa ofisi ya mapato.

Mpiga fidla, Mji wa Kale:

Hapo kwenye njia ya kutuzia umenituliza. Na hayo matakia yamenichekesha, kwani sisi tukirekodi nyumbani tulikuwa tunatundika mablanketi madirishani, hakuna aliyetufundisha.

Nina mikeka sita na magodoro ya wageni. Huo ukumbi uliokwenda Jumamosi, waombe watufungulie Jumapili baada ya alasiri. Huyu kijana wa Tudor atabeba, si anataka basi? Nitakuja na fidla, tupige bila kitu, kisha tupige na magodoro ukutani, msikie wenyewe.

Mwanafunzi, Tudor:

Nabeba, mzee.

Mleta mada:

Nimeuliza leo asubuhi. Jumapili umekodiwa, kuna arusi.

Mpiga fidla, Mji wa Kale:

Arusi ya nani? Ngoja nitazame daftari langu, huenda mpigaji ni mimi.