Jalada langu la kibali cha ujenzi limelala wapi? Kama mnanikatalia, nikatalieni kwa maandishi!

Assalaam alaykum nyote. Nina hasira, kwa hiyo atakayekuta neno kali humu anistahamilie.

Nataka kujenga nyumba ya chini, vyumba vitatu na ukumbi, jiko la uani, karo lake la maji machafu nyuma, juu ya kiwanja alichotuachia baba huku Pemba. Basi. Barua ya sheha, kiongozi wa shehia yetu, ninayo. Ramani ninayo, nimemlipa mchoraji anayetambulika, sikunakili ya mtu. Mpima kaja, kaweka bikoni, kala chai kwangu, kalipwa, kaondoka. Karatasi ya mirathi tumetoka nayo ofisi ya Wakfu, na wanaowajua kaka zangu watakubali kwamba hiyo peke yake ni karama. Watoto wanane wa mama wawili tumegawana ardhi tukapeana mikono, halafu karatasi moja ya kuniruhusu nichimbe msingi ndiyo imeshindikana!

Jina la ofisi silitaji. Walio huku washaielewa.

Nikienda, naambiwa jalada lipo kwa bwana mkubwa. Bwana mkubwa kenda Unguja, ana semina. Akisharudi, jalada halipo tena kwake, lipo kwa wataalamu. Wataalamu hawawezi kuandika chochote mpaka wakakague kiwanja. Gari ya kwendea ipo, dereva yupo kakaa kivulini anacheza na simu, mafuta hamna. Nikasema basi mafuta nitatia mie. Kijana wa masjala akanitazama kama niliyemvunjia heshima: "Bi mkubwa, hiyo itakuwa rushwa." Ahsante, mwanangu, Mungu akuzidishie uaminifu. Sasa huo uaminifu utie na kwenye jalada langu, maana ada ya maombi nimelipa na risiti mmenipa, na kuchukua pesa ya mtu bila ya kumjibu sijui nako mnakuitaje.

Mara nyengine naambiwa limepelekwa Unguja. Kwa nini Unguja? Wizara zina maafisa wadhamini huku kwetu ili Mpemba asilazimike kuvuka bahari kufuata kila saini. Nikampigia mpwa wangu aliyeko mjini Unguja akaulizie. Kaenda, kasimama dirishani, kaambiwa majalada ya Pemba yapo Pemba. Yakhe, limesahauliwa bandarini Mkoani?

Kinachoniuma hasa ni kwamba hakuna aliyenikatalia. Laiti wangenikatalia! Mtu akiandikiwa kwamba karo lake liko karibu mno na kisima cha jirani, au ukuta umekula njia, anarudi kwa mchoraji, anasogeza, anapeleka tena. Mie nisogeze nini? Neno ninalopewa ni "linashughulikiwa", na anayelitamka hata halifungui hilo jalada kunionyesha limefika ukurasa gani. Nilidai nipewe tarehe ya kujibiwa. Nikaulizwa, kwa adabu kabisa, mbona nina haraka.

Haraka ninayo, ndiyo. Msimu uliopita karafuu zilitutendea wema, na sisi watu wa Pemba tunaijua pesa ya karafuu: haikai. Itatokea harusi, itatokea ada ya shule, atatokea mgonjwa wa kupelekwa hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja. Ndiyo maana mtu akishalipwa hukimbilia kuigeuza saruji, nondo na matofali kabla haijapata miguu. Na mie nikafanya hivyo, kwa sababu nilipopeleka maombi niliambiwa kwa mdomo mpana kwamba mambo yangu yamekamilika, ni saini tu imebaki.

Saruji haisubiri saini. Hata ukiipanga juu ya mbao, mbali na ukuta, ukaifunika turubai, ikikaa miezi mitatu nguvu zake hupungua kwa kiasi cha asilimia 20 hivi, na hayo ni makisio ya pahala pakavu. Hapa kwetu hewa yenyewe ni maji. Fundi kaja juzi, kabonyeza mifuko ya chini, mabonge. Kanambia hii tutaichuja, itakayopita itafaa plasta, lakini kwenye msingi na linta yeye haitii, hataki lawama. Nondo zimeshika kutu kwa chumvi ya bahari. Mchanga ndio usiseme! Visiwa hivi vimechimbwa mpaka serikali ikabidi iudhibiti, siku hizi huupati kwa kumwita tu mwenye gari ya ng'ombe. Nikauhangaikia, nikaupata, nikaumwaga kiwanjani. Masika yakauteremsha nusu bondeni, nusu iliyobaki watoto wa jirani wanapikia mapochopocho yao ya kuchezea. Na huku kodi ya nyumba ninayokaa Chake haijasimama kunisubiri, mwenye nyumba anataka ya miezi sita mbele.

Sasa njooni bondeni muone. Kuna bwana kajenga pale, chini yangu, ubavuni mwa bonde la mpunga. Barua hana, ramani hana. Watu wa ofisi wakaja wakamwandikia ukutani kwa rangi nyekundu SIMAMISHA UJENZI, herufi kubwa, hata mimi kule juu nilizisoma. (Kwenda kumwandikia yeye, mafuta ya gari yalipatikana.) Akasimamisha kweli, mpaka Ijumaa mchana ofisi zilipofungwa. Jumatatu asubuhi ukuta umefika kwenye linta. Leo plasta imefunika zile herufi, umeme kavuta, na jioni taa yake inawaka nikiiona. Simchongei, ana watoto na yeye. Lakini niambieni, aliyefuata utaratibu na asiyeufuata, nani kati yetu analala kwake?

Kaka zangu wananicheka, wananambia jenga tu, dada, faini utalipa mbele ya safari. Sijengi. Barabara ikija kupanuliwa, mwenye karatasi huulizwa alipwe kiasi gani, asiyekuwa nayo huulizwa nani alimwambia ajenge. Nimezika pesa yangu yote pale. Siwezi kuiweka chini ya brashi ya rangi nyekundu.

Na msije mkanambia vibali vina maana yake. Vina maana, nani kabisha? Tumeona Mwanakwerekwe mvua zikija, maji yalivyokuwa yakijaa mpaka barabarani kwa sababu ya watu kuziba njia zake. Mji Mkongwe ni urithi wa dunia wa UNESCO tangu 2000. Pale mtu akisubirishwa kabla hajagusa dirisha, nitamwambia avumilie, kuna milango ya kuchonga na kuta za mawe na chokaa za kulindwa. Kwangu kuna migomba na mfenesi mmoja. Kiwanja kiko juu, maji hayasimami. Mkarafuu upo pembeni, ramani imeupisha kwa makusudi, kwa sababu kuukata nako kunataka ruhusa yake na mie sina nguvu ya jalada la pili.

Ardhi ya Zanzibar ni ya umma tangu Mapinduzi, sisi tunapewa matumizi, hilo sina ugomvi nalo, na ndiyo maana nimekwenda kuomba badala ya kuchimba. Lakini anayeombwa si ajibu? Wale vijana wa dirishani wala siwalaumu sana, wanatumwa kuja kunambia "kesho" na wakubwa walioketi ndani, nyuma ya pazia, hawajawahi kutoka hata kutusalimia tulioko kwenye benchi. Kuna mzee mmoja hukaa na kikapu chake kabisa, keshajua hatarudi mapema.

Nauliza walio huku, na wa Unguja pia: kuna aliyewahi kupata jibu la maandishi, liwe zuri liwe baya, bila ya kuwa na mtu wake ndani? Alimwandikia nani? Mkurugenzi, mkuu wa wilaya, diwani? Barua ilipigwa muhuri wa kupokelewa au iliachwa mezani tu? Nataka jina la cheo na njia aliyopita. Anayekuja kunambia nisubiri apite mbali, hilo kuna watu wanalipwa mshahara kunambia.

Na mwenye kupiga plasta mwezi huu, mifuko ninayo, inachujika. Bei tutaelewana.