Wakuu, video za funguzi za sataranji naziangalia sana lakini kwenye mchezo hazinisaidii. Nifanyeje?

Kitunda_wa_Ziwani:
Habari za jioni wakuu. Nipo Mwanza, nacheza sataranji kwenye tovuti ya Lichess, michezo ya dakika 10, na mwisho wa wiki tunakutana na wenzangu kwenye ubao. Kiwango changu, yaani pointi za uwezo wa mchezaji, kinazunguka 1300. Nikiwa na nyeusi, mtu akianza na e4 (yaani anasogeza kitunda hadi mraba wa e4) najibu kwa ufunguzi wa Caro-Kann: c6, halafu d5. Nimeupenda ufunguzi huu kwa sababu askofu wa c8 anapata kutoka mapema, hafungiwi nyuma ya kitunda cha e6 kama kwenye ufunguzi wa Kifaransa.

Sasa shida yangu. Mwalimu akieleza kwenye video naelewa vizuri kabisa. Nikiingia kwenye mchezo, mpinzani anasukuma e5, natoa askofu f5, yeye anakuja na h4, na hapo sina tena cha kukumbuka. Nikicheza e6 kama nilivyozoea, askofu wangu anakufa. Je, nitafute mwalimu mwingine, nilipie kozi, au niachane na video kabisa? Naombeni ushauri wenu.

FarasiMweusi:
Mkuu, tuanze na hiyo h4, maana ndiyo itakayokuonyesha shida iko wapi. Ukijibu e6, yeye anacheza g4. Askofu wako anakimbilia e4, anafukuzwa kwa f3, anarudi g6, halafu h5 inamfungia njia. Utaambulia kitunda kimoja tu. Kwa hiyo h4 si ya kubahatisha, ni mtego wa kumwinda huyo askofu. Jibu linalotumika sana ni wewe pia kusukuma h5, ili g4 isiwe rahisi na kitunda chake kisipate kupita. Wengine hucheza h6 ili askofu apate h7 ya kujifichia. Mikhail Tal aliitumia h4 hii dhidi ya Botvinnik mwaka 1961 wakigombea ubingwa wa dunia, na Botvinnik aliyajaribu majibu yote mawili.

Umeona? Ukishajua h4 inataka nini, jibu unalipata mwenyewe hata kama video ilisahaulika. Kwa hiyo ukiangalia video, kila hatua jiulize inataka nini. Mwalimu asipokueleza, zima, tafuta mwingine.

MwalimuWaUbao_Tanga:
Nakubaliana na FarasiMweusi. Mimi nafundisha watoto sataranji, na video natumia, ila hawaruhusiwi kuangalia mikono mitupu. Ubao unakuwa mezani, kete zimepangwa. Kabla mwalimu wa kwenye video hajasogeza, nasimamisha, kila mtoto anataja hatua yake na sababu yake. Ndipo tunaendelea. Video ya dakika 20 inaweza kutuchukua saa nzima, na ninaona ni sawa kabisa. Mtoto aliyetaja hatua akakosea, kisha akaona kwa nini, haisahau.

Jambo la pili, kijana wangu, chagua video za watu wa kiwango chako. Mihadhara ya mabingwa ina hatua ambazo mpinzani wa 1300 hachezi kamwe. Zile video za marehemu Daniel Naroditsky, bingwa wa sataranji wa Marekani, ambamo alikuwa akipanda ngazi kutoka viwango vya chini huku akieleza kila wazo, mimi naziona bora kuliko kozi nyingi za kulipia. Unaona wapinzani wa kawaida wanavyocheza kweli, na jinsi ya kuwaadhibu.

Ngome_Moja:
Mimi nitatofautiana na wakubwa. Kwa 1300, funguzi zisubiri. Fanya mafumbo kila siku, jifunze kumalizia mchezo wa mfalme na vitunda, basi. Michezo mingi ya kiwango hicho inaamuliwa na mtu kuacha kete bila ulinzi, haiamuliwi kwenye hatua ya nne.

DadaMalkia:
Kaka Ngome, kwenye mafumbo uko sahihi, lakini hatua ya nne na ya tano zinaua pia. Kwenye hiyo hiyo Caro-Kann: e4 c6, d4 d5, farasi c3, kitunda kinakula e4, farasi anakula. Nyeusi anacheza farasi d7, mweupe anaweka malkia e2. Ukitoa farasi wa pili f6 kwa mazoea, farasi wake anaingia d6 na ni chekimeti. Kitunda cha e7 hakiwezi kumla kwa sababu malkia anamtazama mfalme wako nyuma yake. Mchezo umeisha hatua ya sita! Aliyekariri tu anaingia humo, maana hatua zenyewe ni za kawaida.

Kitunda_wa_Ziwani:
Asanteni sana wakuu, h4 sasa nimeielewa kabisa. Swali la mwisho: bando linaniumiza. Nianze vipi bila kuangalia video nyingi?

FarasiMweusi:
Geuza utaratibu, mkuu. Cheza kwanza. Mchezo ukiisha, fungua uchambuzi wa Lichess, ni bure na haumalizi MB kama video. Tafuta ile hatua ambayo wewe au mpinzani mlitoka kwenye njia inayojulikana, kisha uangalie kwenye hazina ya funguzi wengine walijibu nini pale. Usikimbilie injini (programu inayokokotoa hatua bora), fikiri mwenyewe kwanza. Ukikwama ndipo utafute video inayohusu nafasi hiyo tu, uipakue penye Wi-Fi.

Halafu tengeneza faili lako hapo hapo Lichess, kwenye sehemu ya masomo. Kila mchezo uongeze tawi moja, na pembeni uandike kwa maneno yako kwa nini hatua hiyo inachezwa. Tawi la kwanza liwe hilo la h4. Ukishaliandika, weka kiungo hapa tulipitie pamoja.

MwalimuWaUbao_Tanga:
Na ukiweka, uweke pia mchezo mmoja ulioshindwa kwa h4, wote hadi mwisho. Nataka kuona ulivyocheza baada ya askofu kuondoka.