Ushauri wakuu: niache kazi ya serikali niende kliniki binafsi?

Pipa la Mvua
Habari za jioni wakuu. Mimi ni daktari, MD, nipo zahanati moja Kanda ya Ziwa, mwaka wa nne huu. Kwa siku wagonjwa 60 mpaka 80, jioni unabaki na mfumo wa ripoti unaozunguka tu. Jana kaja mama na mtoto ana homa, kadi ya CHF (bima ya afya ya jamii) mkononi, na vipimo vya malaria viliisha Jumanne. Alikuwa anaikunja na kuikunjua ile kadi, nikakosa la kumwambia.

Kuna kliniki mjini wananitaka kwa mshahara mara mbili ya huu. Mke anasema nisichezee cheki namba, yaani namba ya mtumishi wa serikali. Swali ni moja: notisi ya saa 24 au likizo bila malipo? Matusi sihitaji. Nawasilisha.

Kijiti
Saa 24 unalipa mshahara wa mwezi mmoja, unasepa. Ila huku kuna MD wanajitolea mwaka wa tatu wanasubiri ajira. Haya bwana.

Mama Pacha
Samahani natoka nje ya mada. Sisi kaya yetu tulilipa CHF 30,000, watu sita. Nikifika dirishani: "dawa hakuna, kanunue nje." Duka la nje la nani? La mganga wa pale pale!

Mzee wa Posho
Kaka yangu aliacha halmashauri akaenda binafsi. Miezi mitatu mshahara tarehe 25. Wa nne ukaja tarehe 11. Wa tano akalipwa jenereta. Liko uani kwetu mpaka leo, kuku wanatagia humo.

Tabibu Mstaafu
Kijana wangu, hao kliniki wamekujuaje?

Pipa la Mvua
Shikamoo mzee. Tunafahamiana tu.

Tabibu Mstaafu
Marahaba. Mnafahamiana vipi?

Pipa la Mvua
Sawa. Cheti changu cha usajili na leseni viko kwao tangu mwaka jana, ukutani pale mapokezi, pembeni ya kalenda. Walihitaji jina la daktari ili wasajiliwe, wananipa laki 3 kwa mwezi. Wafamasia wanafanya hivyo miaka yote, mbona hamuwasemi? Na Jumamosi huwa naenda kweli.

Tabibu Mstaafu
Na muhuri?

Pipa la Mvua
Upo pale pale. Ni kwa dharura tu.

Tabibu Mstaafu
Dharura gani inayotibiwa kwa muhuri? Jumatatu mpaka Ijumaa wagonjwa anawaona nani?

Pipa la Mvua
Kuna kijana mmoja, mikono mizuri sana. Uuguzi aliuachia mwaka wa kwanza, ada ilimshinda. Sasa si ndiyo maana nataka nihamie moja kwa moja, ili niwepo? Nadhani hapo narekebisha, siharibu.

Kijiti
Kumbe unahama kukifuata cheti chako hahaha

Mama Pacha
Mungu anakuona. Mwanangu alichomwa sindano kwenye kliniki za hivyo, akachechemea mwezi mzima.

Kiwembe
Ngojeni kwanza. Hii chai, stori ya kutunga. Kwa ikama, yaani mpangilio wa watumishi, zahanati anakaa tabibu na wauguzi, MD anaanzia kituo cha afya. Mleta mada hata hospitali anaijua kwa kupeleka uji.

Pipa la Mvua
Mkuu, ni kituo cha afya. Niliandika zahanati nisijulikane.

Kiwembe
Na laki 3? Na kijana wa mikono mizuri? Umebadilisha vingapi?

Mzee wa Posho
Na mke yupo?

Pipa la Mvua
Mke yupo. Habari ya muhuri hajui.

Tabibu Mstaafu
Chai au si chai, najibu kama ni kweli. Mgonjwa akidhurika, Baraza la Madaktari litamwita mwenye jina kwenye karatasi. Mambo ya notisi yaache. Kesho Jumamosi nenda kachukue muhuri.

Pipa la Mvua
Mrejesho: nimefika. Mwenye kliniki kasafiri, droo imefungwa, ufunguo kaondoka nao. Binti wa mapokezi kaniuliza nina kadi au nafungua mpya.

Kijiti
Si ulisema kila Jumamosi huwa unaenda?