Nimesoma mara nne naelewa kabisa, nafika kwenye mtihani kichwa kitupu. Tatizo ni nini?

Msomi_Ukubwani
Wakuu habari za muda huu. Kuna jambo linanisumbua naombeni mawazo yenu. Nimerudi shule ukubwani, nasoma uuguzi, na sio kwamba sisomi, msuli napiga kweli kweli. Juzi tulikuwa na mtihani wa fiziolojia, mada ya figo nilikuwa nimeisoma mara nne, NNE, mpaka mara ya mwisho nilikuwa nateleza tu kwenye kurasa, kila neno nalijua, kila mchoro naujua, rangi ya njano nimepaka karibu ukurasa mzima. Nikalala na amani.

Swali likaja: eleza safari ya maji kutoka kwenye damu mpaka yanakuwa mkojo. Nikaandika "figo huchuja damu" halafu basi. Kalamu mkononi, ukurasa nauona kabisa kichwani, mpaka nakumbuka mchoro ulikuwa juu kushoto, ila kilichoandikwa pale hakiji. Na kilichoniuma zaidi sio maksi, ni kwamba usiku ule ungeniuliza kama niko tayari ningekujibu asilimia mia bila wasiwasi wowote. Sasa nitajuaje siku nyingine kama najua kweli au najidanganya? Mwenzangu darasani kaniambia nifuatilie kitu kinaitwa metakognisheni, sijajua hata pa kuanzia. Au ni umri umeenda, kumbukumbu imechoka?

Mwl_Darubini
Pole sana mkuu. Umri uweke pembeni kwanza, maana hilo swali lako la "nitajuaje kama najua" ndo metakognisheni yenyewe. Ni akili kujiangalia wakati inafanya kazi: hapa nimeelewa, hapa sijaelewa, hii njia ninayotumia inanisaidia au napoteza muda, na kama napoteza muda nibadilishe nini. Hiyo sehemu ya mwisho watu wengi wanaisahau, kujiona tu hakutoshi kama ukishaona unaendelea vilevile.

Aliyelipa hilo neno umaarufu ni mwanasaikolojia wa Marekani John Flavell, miaka ya 1970. Kuna kazi moja yeye na wenzake walifanya na watoto ambayo naipenda sana, wanampa mtoto vitu vya kukariri wanamwambia jifunze mpaka uwe na uhakika utavitaja vyote, ukiwa tayari tuambie. Watoto wakubwa kidogo wakisema tayari, kweli mara nyingi wanavitaja. Wale wadogo nao wanasema tayari, halafu wakianza kutaja vingi havitoki. Sio kwamba walikuwa wanadanganya, ndani yao walikuwa wanahisi wako tayari kabisa. Sasa rudi kwenye usiku wako wa kabla ya mtihani.

Kilichokupata ni kwamba kutambua kitu ukikiona na kukitoa kichwani bila kukiona ni kazi mbili tofauti. Ukipitia ukurasa mara ya nne unasomeka kirahisi, na akili inauchukua ule urahisi inahesabu kama umeelewa. Rangi ya njano inazidisha kabisa, jicho linatua palepale lilipotua jana. Kwenye mtihani ukurasa haupo.

Kaza_Buti
Mi naona tunazunguka mbuyu hapa. Mara nne hazitoshi, mada ngumu isome mara nane mpaka kumi itakaa tu, sisi wengine ndo tulivyotoboa. Haya majina makubwa makubwa hayajibu mtihani.

Jani_Kavu
@Kaza_Buti naomba nikupinge kwa heshima mkuu, maana hiyo "itakaa tu" imeshapimwa. Mwaka 2008 wanasaikolojia Karpicke na Roediger walitoa utafiti wao kule Marekani, wanafunzi walipewa jozi 40 za maneno, na maneno yenyewe yalikuwa ya KISWAHILI, lugha yetu hii, neno kama mashua unalikuta pale na maana yake ya Kiingereza. Waliwachagulia Kiswahili kwa sababu kwao kilikuwa kigeni kabisa.

Ilikuwa hivi, wote walijifunza mpaka kila neno wamelipatia angalau mara moja. Baada ya hapo wakatofautishwa, kuna walioendelea kuulizwa hata yale maneno waliyokwishapatia, na kuna ambao neno wakishalipatia hawaulizwi tena, ila wengine kati yao waliendelea kulisoma na kulisoma. Wiki moja baadaye wale waliokuwa wanaulizwa walikumbuka kama asilimia 80. Ambao hawakuulizwa tena, hata wale waliozidi kusoma, wakaishia kama asilimia 35 hivi. Yani kuendelea kusoma kitu walichokwishakipatia hakukuwaongezea kitu cha maana.

Ila kwa mleta mada mi naona cha muhimu zaidi ni hiki, kabla ya kuondoka waliulizwa unadhani wiki ijayo utakumbuka mangapi? Makundi yote yakajibu karibu sawa, kama nusu. Waliokuwa wanaelekea kukumbuka 80 na waliokuwa wanaelekea 35 hakuna aliyeona tofauti ndani yake. Kwahiyo mkuu usijilaumu kwamba ulijiona uko tayari, ile hisia haina macho ya kuona hilo. Unahitaji kipimo cha nje.

Kaza_Buti
Hapo umeshusha nondo mkuu, sina ubishi. Ila hebu nipe kwa vitendo, afanyeje usiku huu?

Mwl_Darubini
Afunge daftari achukue karatasi tupu, aandike mada nzima kwa maneno yake kama anamweleza mtu ambaye hajasoma, mishale na michoro ruksa. Akikwama ASIFUNGUE haraka, akae pale kidogo, aandike hata swali "hapa sijui maji yanaenda wapi". Ndo afungue, asome kile tu kilichokosekana, afunge tena.

Na muda nao una kazi yake. Wanasaikolojia wengine, Nelson na Dunlosky, walionyesha mwaka 1991 kwamba ukijipima hapohapo umemaliza kusoma unajikadiria vibaya, ukiacha muda upite ndo makadirio yanakaribia ukweli sana. Sababu ni nyepesi, ukijiuliza saa hiyohiyo kitu bado kinaelea kichwani hakijatoka, utasema najua. Subiri hata dakika kumi ukifanya kitu kingine, kesho yake ni bora zaidi. Mimi wanafunzi wangu kabla sijawarudishia karatasi huwa kila mmoja anaandika pembeni anategemea maksi ngapi, halafu tunakaa na ile tofauti, mtu aliyeandika 80 akapata 45 hapo ndo mazungumzo yanaanza, uliona nini kikakupa ile 80?

Hesabu_Raha
Kwa wa hesabu ni hivyohivyo, kuangalia mfano uliokwishafanywa na mwalimu unaona kila mstari una mantiki unaitikia tu ndiyo ndiyo. Funika majibu ufanye mwenyewe, utajua ndani ya mstari wa pili.

Msomi_Ukubwani
Wakuu nimerudi, nimefanya jana usiku. Karatasi tupu, figo. Nimeanza vizuri, damu inaingia, inachujwa kwenye vile vimishipa vilivyojikunja kama kifundo, nikaandika kwa siku zinachujwa kama lita 180. Halafu nikaandika mkojo ni lita moja mpaka mbili. Nikaangalia hizo namba mbili, nikajiuliza zile lita nyingine zote zimeenda wapi?? Mara nne nimesoma hiyo mada, namba zote mbili nimezipaka njano, na sijawahi hata siku moja kujiuliza. Nikaandika swali kama mwalimu alivyosema, nikakaa nalo, baadae ndo nikafungua nikakuta sehemu nzima ya mirija kurudisha maji kwenye damu, yani karibu yote yanarudi, na hiyo safari ndo mtihani ulikuwa unaniuliza. Niliisoma kama nayasoma majina tu.

Nilitumia saa nzima kwa ukurasa mmoja na nilichoka kuliko usiku ule wa kusoma mara nne, najisikia kama najua kidogo kuliko zamani. Asubuhi hii kabla sijashika daftari nimechora tena, mirija imekuja, homoni inayoamua maji yarudi kiasi gani haikuja. Nimeiandikia swali, leo jioni naanza nayo.